Jinsi ya kuchagua kizibuo cha mvinyo kisichokutesa

Kizibo kikikatikia ndani ya shingo ya chupa, watu hulaumu kizibo au mikono yao. Mara nyingi mkosaji ni kizibuo, na kasoro yake ilikuwa inaonekana tangu dukani.

Kizibo cha kawaida kina kipenyo cha milimita 24 kabla ya kuingizwa kwenye chupa, na mdomo wa chupa kwa ndani una milimita 18.5 hivi. Kimebanwa kwelikweli. Kukitoa kunahitaji nguvu ya kati ya kilo 20 na 40. Kizibuo kizuri kinakishika kizibo bila kukirarua, kisha kinakupunguzia uzito huo.

Hatua ya 1: Angalia chupa unazofungua

Kama nyingi zina kifuniko cha kuzungusha, huhitaji kizibuo. Mvinyo wenye mapovu, kama shampeni, nao hauguswi na kizibuo hata siku moja. Ndani mna presha ya angahewa 5 hadi 6, na kizibo chake hutolewa kwa mkono: unakishika imara, unazungusha chupa.

Hatua ya 2: Kagua msokoto kabla ya kitu kingine chochote

Msokoto ni kile chuma kinachoingia ndani ya kizibo. Mpini unaweza kuwa wa mbao nzuri na wa bei, lakini msokoto ukiwa mbaya umenunua pambo.

Iko ya aina mbili. Ya kwanza ni waya wa mviringo uliopindwa pete kwa pete, ukaacha uwazi katikati. Ya pili ni nguzo ya chuma iliyojaa, yenye ukingo mwembamba unaoizunguka, kama keekee ya seremala. Chukua ya kwanza. Waya hupenya huku ukiacha kizibo karibu kizima, na kila pete inashika sehemu yake, hivyo ukivuta kinakuja chote. Keekee hutoboa, maana ndiyo kazi yake. Inasaga kizibo katikati, na ukivuta inachomoka na unga huku ganda likibaki limeng'ang'ania kioo. Vizibo vikavu na vya zamani huumia zaidi, ila hata vipya vilivyotengenezwa kwa chembe na gundi vinaweza kumeguka.

Kipimo chake ni njiti ya kiberiti. Elekeza ncha ya msokoto kwako, uutazame kwa chini. Njiti inapaswa kupita katikati ya pete zote. Usipoona uwazi, rudisha kizibuo rafuni, hata kama muuzaji anakisifia.

Ukishavuka hapo, bado kuna mambo manne. Ncha iwe kali na ifuate mzunguko wa waya. Ncha butu husukuma kizibo chini badala ya kupenya. Hesabu pete: ziwe 5 kamili, urefu wa karibu sentimita 5. Vizibo vingi vina milimita 38 hadi 54, na msokoto mfupi wa pete 3 au 4 hushika nusu ya juu tu, kwa hiyo nusu ya chini inabaki chupani. Upana wa nje uwe milimita 8 hadi 10, kwa sababu mwembamba zaidi huteleza ukatoka peke yake. Mwisho, uzungushe mbele ya macho yako: ukiyumba, umepinda, na utaingia kizibo kwa upande.

Utando mweusi wa tefloni hupunguza msuguano, na unasaidia hasa kwenye vizibo vya plastiki ambavyo ni vigumu. Lakini plastiki hiyohiyo huukwangua kadiri unavyotumia. Chuma kitupu kilicholainishwa vizuri kinatosha. Usilipie utando huku pete zikiwa 4.

Hatua ya 3: Chagua wenzo unaofaa mikono yako

Kwa nyumba nyingi, chaguo langu ni kile cha kukunja wanachobeba wahudumu wa hoteli mfukoni. Karl Wienke wa Rostock, Ujerumani, alikipatia hataza mwaka 1882, na umbo lake halijabadilika sana. Ila chukua chenye mapengo mawili kwenye mkono wake unaoegemea mdomo wa chupa, na bawaba katikati. Chenye pengo moja huvuta vizuri mwanzoni, kisha huanza kuvuta kwa mshazari, na hapo ndipo kizibo kirefu hukatika. Mapengo mawili hukuwezesha kuvuta wima hadi mwisho.

Chenye mabawa mawili kinaonekana rahisi, lakini vingi vya aina hiyo vina keekee. Ukipata chenye waya, hakina ubaya.

Mtu mwenye baridi yabisi au vidole dhaifu asilazimishwe kutumia cha kukunja. Apate kile cha kubana shingo na kushusha wenzo mmoja mrefu, au cha betri. Kabla ya kununua cha kubana, hakikisha taya zake zinapanuka vya kutosha, kwani chupa zenye mdomo mnene huzishinda. Cha betri lazima kisimame wima juu ya chupa, na kinaweza kukwama kwenye kizibo cha plastiki. Kiwe na njia ya kurudisha msokoto kinyume.

Kile cha umbo la T, mpini na msokoto tu, kiache. Zile kilo 20 hadi 40 zote zinabaki juu ya mgongo wako.

Kama unafungua chupa za miaka mingi, ongeza kizibuo cha ncha mbili bapa zinazopita kati ya kizibo na kioo. Hakitoboi kabisa. Kwa vizibo vya plastiki hakifai.

Hatua ya 4: Kisu

Kisu cha kizibuo, cha kukatia foili inayofunika mdomo wa chupa, kiwe kifupi na cha meno madogo. Foili ikatwe chini ya ukingo wa mdomo, kidole gumba kisiwe mbele ya makali.

Hatua ya 5: Kijaribu kwenye chupa

Chupa isimame mezani. Weka ncha pembeni kidogo ya katikati ya kizibo, kwa sababu ncha iko kwenye mzingo wa pete. Ukiiweka katikati kabisa, msokoto mzima utaegemea upande. Ukishapenya, simamisha kizibuo wima na uzungushe hadi ibaki pete moja nje. Kizibo kikiwa kirefu, ingiza na hiyo, ila usitoboe upande wa chini, chembe zitaangukia kwenye mvinyo.

Egemeza pengo la kwanza kwenye mdomo wa chupa, ulishikilie kwa vidole vya mkono wa pili, inua mpini. Kizibo kikitoka nusu, hamia pengo la pili. Sentimita ya mwisho itoe kwa mkono, ukitikisa taratibu.

Kikikatika, ingiza msokoto kwa mshazari ukiegemea kioo, zungusha polepole, vuta kwa upole. Kikizidi kusagika, kisukume ndani kwa mpini wa kijiko, lakini funika mdomo wa chupa kwa kitambaa kwanza: hewa iliyobanwa chini ya kizibo hurusha mvinyo juu kwa nguvu. Kisha mimina kupitia chujio la matundu madogo.