Kujiondoa kwenye Orodha za Barua Pepe Usizozihitaji: Somo kwa Wenye Nyumba za Wageni

Assalamu alaykum, ndugu wanachama.

Wengi wenu mnaoendesha nyumba za wageni Mji Mkongwe, Nungwi, Paje na Jambiani mmelalamika kwamba maombi ya vyumba yanazama katikati ya majarida ya vifaa vya jikoni, matangazo ya semina na ofa za ndege ambazo hakuna aliyeziulizia. Kwa kuwa tumo ndani ya masika na wageni wamepungua, huu ndio wakati wa kulishughulikia jambo hili, maana ikifika Juni hakuna atakayepata nafasi. Ieleweke tangu mwanzo kwamba kufuta barua si kujiondoa: aliyefuta ameondoa nakala moja tu, na mtumaji hana habari. Tena njia ya kujiondoa hutegemea aliyetuma ni nani, kwa hiyo usibonyeze kitu kabla hujalijua hilo.

Hatua ya kwanza: watambue watumaji

Kwenye sehemu ya kutafutia ya kikasha chako andika neno "unsubscribe". Barua nyingi za orodha zitajitokeza kwa pamoja, kwani karibu kila jarida la kibiashara la Kiingereza hubeba neno hilo chini yake. Wanaopokea wageni wengi wa Kitaliana na Kijerumani watafute pia "annulla iscrizione" na "abmelden", kwa sababu wauzaji wa huko huandika kwa lugha zao. Kisha zigawe katika mafungu matatu: za orodha ulizojiandikisha au ulizoingizwa baada ya kununua kitu, za kampuni unayofanya nayo kazi hadi leo, kama wakala anayekuuzia vyumba, na za watu usiowajua kabisa.

Hatua ya pili: orodha ulizojiandikisha

Anza na kitufe cha kujiondoa ambacho Gmail, Outlook na programu nyingine hukiweka juu ya barua, karibu na jina la mtumaji. Kitufe hicho hufanya kazi kwa maelezo yaliyofichwa ndani ya barua yenyewe, na mara nyingi hakikupeleki kwenye tovuti yoyote. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimewataka watumaji wakubwa (kwa upande wa Google, wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail) waruhusu watu kujiondoa kwa mbonyezo mmoja na walitekeleze ombi ndani ya siku mbili. Tangu 2025 Gmail ina pia ukurasa unaokusanya orodha zako zote na kutanguliza watumaji wanaokuandikia mara nyingi zaidi. Anayetumia Gmail aanzie huko, atapunguza nusu ya kazi.

Kitufe kisipokuwepo, teremka hadi mwisho wa barua utafute kiungo, ambacho aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo za kijivu, na sidhani kama udogo huo ni bahati mbaya. Gmail huikata barua inayozidi takriban kilobaiti 102, hivyo huenda kiungo kimo kwenye sehemu iliyokatwa, na itakubidi ubonyeze maandishi ya kuifungua barua nzima.

Ukurasa utakaofunguka usomwe kwa makini. Baadhi ya kampuni hukupa chaguo la kupokea barua mara moja kwa wiki, nyingine hukuonesha visanduku vingi vilivyokwishawekwa alama, na kitufe cha kujiondoa kabisa hukaa chini ya vyote. Hakikisha umebonyeza hadi ukaona maandishi ya kuthibitisha. Usiandike neno la siri, namba ya simu wala namba ya kadi. Sheria ya Marekani ya 2003 inamkataza mtumaji wa matangazo kukutoza ada au kukudai taarifa zaidi ya anwani yako ya barua pepe ili ujiondoe, na inampa siku 10 za kazi kulitimiza ombi. Kwa sababu hiyo, ukipokea barua moja au mbili katika wiki ya kwanza, usidhani umepuuzwa.

Hatua ya tatu: kampuni unazofanya nazo kazi

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote. Mtu aliyechoshwa na matangazo ya wakala wake huibonyeza alama ya barua taka, akaona kikasha kimetulia. Lakini mtambo wa kuchuja hujifunza kutokana na alama hiyo, na matangazo na taarifa za uwekaji wa vyumba mara nyingi hutoka kwa mtumaji mmoja. Matokeo yake, uthibitisho wa mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Kisauni saa nane usiku unaweza kuishia kwenye taka, na hapana atakayekwenda kumpokea. Kwa fungu hili ingia ndani ya akaunti yako kwenye tovuti ya kampuni, fungua mipangilio ya arifa, uzime matangazo, majarida na maombi ya maoni, uache taarifa za vyumba, malipo na usalama. Ikiwa alama ya taka imekwishawekwa, fungua folda ya taka, itafute barua ya kampuni hiyo na uiarifu programu kwamba si taka.

Hatua ya nne: usiowajua

Barua ya mtu usiyemjua isibonyezwe popote, hata kwenye kiungo cha kujiondoa, kwani kwa tapeli mbonyezo huo ni ushahidi kwamba anwani ina mtu anayesoma, na kiungo chenyewe kinaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa kuibia maneno ya siri. Iripoti kuwa taka, basi.

Kwa siku za mbele, mwenye anwani ya Gmail anaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya alama ya @, kwa mfano neno "duka", na barua zikaendelea kumfikia. Akijiandikisha hivyo, atajua ni duka gani lililoigawa anwani yake. Baadhi ya fomu huikataa alama hiyo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Chake Chake: Maalim, kila nikijiondoa kwenye jarida moja ukurasa unaniambia anwani yangu haimo kwenye orodha, na barua zinaendelea kuja. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, yaelekea unayo anwani ya zamani inayopeleka barua zake kwenye hii mpya. Fungua maelezo ya barua, tazama palipoandikwa anwani ya mpokeaji, kisha andika hiyo kwenye ukurasa wa kujiondoa. Au ingia kwenye anwani ya zamani ujiondoe huko.

Mwanachama wa Jambiani: Nimo kwenye orodha ya majadiliano ya watafiti wa mwani. Nilituma ombi la kuondolewa, likawafikia wanachama wote, nao wakaanza kunijibu. Aibu tupu.

Jibu: Pole, ndugu yangu. Orodha za majadiliano zina anwani mbili, moja ya kuzungumza na wote na nyingine ya kuuamuru mtambo. Kwa orodha nyingi zinazoendeshwa kwa programu iitwayo Mailman, tuma barua tupu kwa anwani ya orodha, ukiongeza "-leave" baada ya jina lake na kabla ya alama ya @, kisha uijibu barua ya uthibitisho, bila ambayo hutoki. Kwa Google Groups huongezwa "+unsubscribe" baada ya jina la kundi. Kama majadiliano bado yana faida, omba kupokea muhtasari wa siku badala ya kila barua.

Mwanachama wa Mji Mkongwe: Nilimpelekea mfanyakazi wangu jarida la bei za vyumba, naye akabonyeza kujiondoa. Tangu hapo mimi ndiye nisiyelipata.

Jibu: Kiungo kile kimefungwa na anwani yako, hata kikibonyezwa na mtu mwingine. Jiandikishe upya, na unapompelekea mtu jarida, kwanza futa mistari ya chini.

Mwanachama wa Wete: Je, kama mtumaji ni kampuni ya hapa nchini na haisikii?

Jibu: Iandikie rasmi na uhifadhi nakala yenye tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Wakati unasubiri, mzuie mtumaji au uweke kichujio.

Mwanachama wa Nungwi: Nimejiondoa kote, lakini bado naambiwa nafasi imejaa.

Jibu: Kujiondoa hakufuti zilizokwishaingia. Gigabaiti 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya barua, Drive (hifadhi yake ya mafaili) na picha, na zikijaa hata ombi la mgeni halitaingia. Tafuta kwa jina la kila mtumaji, chagua zote, zifute, kisha umwage folda ya zilizofutwa, kwani zikiachwa humo hukaa siku 30 na huendelea kula nafasi.