Tulipu zinazochanua kila mwaka Arusha

Baridi ya Juni na Julai hapa Arusha haiitoshi tulipu. Kitunguu chake, yaani sehemu ya chini unayoipanda kama mbegu, kinataka wiki 12 hadi 14 katika nyuzi 4 hadi 7, kwa hiyo friji ndiyo itakuwa kipupwe chake. Habari njema ni kwamba ratiba hii inakiweka pakavu masika na vuli, na mvua ndiyo inayokiozesha.

1. Chagua mbegu. Tafuta aina ya Apeldoorn au nyingine za kundi la Darwin Hybrid. Hizo hurudia kuchanua kuliko nyingi. Kitunguu kiwe na mzunguko wa sentimita 12. Ukiagiza nje, anza na kibali cha TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), Ngaramtoni.

2. Mwisho wa Februari, weka kwenye friji. Tumia mfuko wa karatasi, mbali na sehemu ya kugandishia. Parachichi, ndizi na embe viondoke humo kabisa! Matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huua ua changa lililomo ndani ya kitunguu. Utaona majani tu.

3. Panda mwanzoni mwa Juni, siku hiyohiyo unapovitoa. Inua tuta, changanya udongo na mchanga, fukia sentimita 15, ncha juu. Tandika wavu wa kuku chini na pembeni, maana fuko wanavipenda mno. Kwa Moshi mjini joto ni kali. Waliopo Marangu au Kibosho wana nafasi nzuri zaidi.

4. Linda majani. Hapa ndipo mwaka ujao unapoamuliwa. Kitunguu ulichopanda huisha baada ya kuchanua, na vichanga vilivyo ubavuni mwake ndivyo vinavyokirithi. Chakula chao kinatoka kwenye majani. Ua likinyauka, kata kichwa chake tu. Majani usiyakate, usiyafunge mafundo, hata bustani ikionekana chafu. Endelea kumwagilia kwa kiasi kwa wiki kama sita, hadi yawe manjano.

5. Ng'oa kabla ya vuli. Anika kivulini, kisha hifadhi kwenye trei mahali penye hewa hadi Februari. Usiviwahishe kwenye friji: ua la mwaka ujao linaumbika ndani ya kitunguu katika mapumziko haya makavu yenye joto.

Vidogo vitenge. Vipitishe friji kama vingine, uvipande kwenye tuta lao. Vitatoa majani matupu kwa mwaka mmoja au miwili, vikinenepa.