Jinsi ya kupanga msaada wa nishati ili umfikie anayebanwa kweli

Bei ni kitu kimoja na msaada ni kitu kingine, ukivichanganya tu umeshaharibu. Serikali nyingi mafuta yakipanda zinakimbilia kushusha bei kwa kila mtu, watu wanashangilia, lakini anayefaidi zaidi ni mwenye magari matatu na kiyoyozi kila chumba maana ndo anayetumia nyingi, yule anayepikia kuni haambulii kitu.

Kwa hiyo anza kwa kujua nani anabanwa. Uingereza kwa miaka mingi walihesabu kuwa inabanwa kaya ambayo ingehitaji zaidi ya 10% ya kipato kulipia nishati, sio mbaya kama pa kuanzia. Ila pima mahitaji, usiangalie bili peke yake, kuna watu bili yao ndogo kwa sababu wanakaa giza au wanalala na baridi, na kwenye makaratasi wataonekana hawana shida kabisa.

Halafu kuna njia ambayo kila mtu anaipenda, yuniti za mwanzo kuwa rahisi au bure. Afrika Kusini tangu 2003 kaya maskini zinapewa kWh 50 (yaani yuniti 50) za bure kwa mwezi, wazo zuri, lakini kwako angalia kwanza mita zinasomaje. Chukua nyumba ya wapangaji watatu mita moja, kila mmoja anatumia yuniti 40, jumla 120, kama bei nafuu inaishia 50 basi yuniti 70 zinalipiwa bei ya juu wakati hakuna hata mmoja wao aliyefika 50. Jirani anayeishi peke yake, ana sola juu ya paa na anavuta 45 tu kutoka gridi, yeye yuniti zake zote ndo zinapata bei nafuu! Suala la mita za kushea limalizeni kabla ya kupanga ngazi za bei, au pelekeni msaada kwa kaya badala ya mita.

Mimi binafsi napendelea hela mkononi. Iran mwaka 2010 walipandisha bei za nishati kwa nguvu lakini kabla ya hapo waliweka hela kwenye akaunti za watu, wananchi wakaiona kwanza ndo bei ikapanda, huo mpangilio ni wa kuiga. Walipokosea ni kwamba kiwango kilibaki palepale mfumuko wa bei ukakitafuna, kwa hiyo sheria yako iseme kabisa kiwango kitapandishwa lini na kwa kipimo gani.

Ujerumani 2023 walifanya kitu kingine, gesi ya majumbani bei ikawekewa kikomo kwa 80% tu ya matumizi yaliyokadiriwa, inayobaki unalipa bei ya soko, maana yake ukibana matumizi bado unaokoa hela ya kweli. Shida yake ni kwamba aliyekuwa anatumia gesi nyingi zamani alipata na msaada mwingi.

Usisahau gharama za kuanzia. India kuanzia 2016 walisaidia wanawake wa kaya maskini kuunganishiwa gesi ya kupikia, mamilioni wakapata mtungi, ila kujaza tena ikawa kazi kwa wengi, na utaratibu wa kulipa bei kamili halafu ruzuku inakuja benki baadaye haumsaidii mtu ambaye leo hana hiyo hela ya kutanguliza. Ruhusuni mtungi mdogo au malipo kidogo kidogo. Na nyumba inayovuja joto izibwe jamani, la sivyo mtalipia bili ileile kila mwaka.

Mwisho ni nani anafidia shirika la umeme. Ukitangaza bei nafuu halafu usilifidie, litaacha kukarabati transfoma na hao hao maskini ndo watakatikiwa umeme wa kwanza. Hiyo fidia iwekwe kwenye bajeti, na tarehe za kulipa, kabla waziri hajashika maiki.