Kuseti vokoda kwa sauti ya Kiswahili bila kupoteza maneno

Wasanii wengi wanaokuja studio kwetu Sinza, Dar es Salaam, wakiomba sauti ya roboti huitaja Auto-Tune. Hiyo hurekebisha noti ya mwimbaji. Vokoda inasikiliza mdomo wako, halafu inakifanya kinanda kitamke. Homer Dudley aliibuni kule Bell Labs, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, akitafuta njia ya kubana mazungumzo ya simu. Ilizaliwa kwa ajili ya maneno, na mimi naipima kwa maneno.

Hatua ya 1. Zima feni, funga dirisha, rekodi. Bajaji ikipita wakati msanii amenyamaza, kinanda nacho kitanguruma. Kama plagini (programu ya vokoda kwenye kompyuta) ina geti, yaani kizuizi kinachonyamazisha sauti ndogo, ipandishe taratibu; ikianza kukata mwisho wa neno, ishushe kidogo.

Hatua ya 2. Kwenye sintesaiza, ndiyo kinanda chenyewe cha kielektroniki, chagua wimbi la msumeno, kisha shika noti tatu au nne kwa pamoja bila kuachia. Wimbi hilo limejaa masafa ya juu. Vokoda huchonga kilichopo tu, kwa hiyo kinanda chenye sauti ya kufifia hakitamki kitu.

Hatua ya 3. Bendi, yaani vipande vya masafa ambavyo vokoda hugawa sauti, anza na 16. Zikiwa chache sana maneno yanamezwa; ukizidisha, uroboti unapungua.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi ilipo. Irabu zetu tano ziko wazi, vokoda inazishika vizuri. Tabu ni s, sh, f na ch, kwa sababu zenyewe ni pumzi tu, hazina noti. Mwambie msanii aseme "shikamoo" na utasikia "ikamoo". Tafuta nobu inayoongeza kelele nyeupe, kwenye plagini nyingi imeandikwa Unvoiced, uipandishe mpaka "sh" irudi, kisha uishushe kidogo. Kama haipo, rudufu treki ya sauti halisi, ondoa kila kitu chini ya Hz 5,000, uiweke kwa mbali chini ya vokoda. Njia hii naipenda zaidi, maana pumzi inabaki ya msanii mwenyewe.

Hatua ya 5. Ataki, yaani muda wa vokoda kuitikia sauti inapoanza, weka milisekunde 5. Rilizi, muda wa sauti kuzimika, ifuate biti. Singeli ya mapigo 200 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 300, na humo msanii anaweza kuingiza silabi tatu. Rilizi ya 150 itazibandika zote pamoja, hivyo shusha hadi 30 au 40. Bongo Fleva ya mapigo 90 inavumilia hata 120.

Hatua ya 6. Fomanti, nobu inayobadilisha umbo la sauti bila kubadilisha noti, iguse kidogo tu. Juu inaleta sauti ya kitoto, chini ya jitu.

Sasa mwite mtu asiyeujua wimbo, mpigie wimbo huo kwa spika ya simu, akutajie alichosikia. Neno asilolipata, lirudishe hatua ya 4.