Umefunga matairi makubwa? Chagua reshio ya difu hivi

Pikapu nyingi za Land Cruiser hapa Malindi zikishafungwa matairi ya inchi 35, malalamiko ni yale yale: klachi inanuka kwenye mchanga wa njia ya Marafa, na gia ya tano haivuti tena kwenye lami ya Mombasa. Wenyewe hukimbilia kufungua pampu ya dizeli ili imwage mafuta zaidi. Injini haina kosa lolote. Tairi likiwa refu, kila mzunguko wa ekseli unaipeleka gari mbali zaidi, na nguvu inayofika chini inapungua. Dawa ni kraunwili na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo zinazoshikana ndani ya difu, za reshio nyingine (reshio ni propela inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa kraunwili), na hesabu ya kuichagua ni yako mwenyewe kabla hujaenda kununua.

Hatua ya 1: Jua reshio uliyo nayo

Usikubali kuambiwa tu, hasa gari ikiwa imepita mikono mingi. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, weka nyutro, achia handbreki, kisha inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uweke stendi. La pili libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, ile shafti inayotoka giaboksi kwenda difu. Zungusha tairi mara 2 kamili, mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara 4 na kipande kidogo, kama sehemu moja ya kumi, una 4.10. Ni mara 2 kwa sababu gurudumu la chini limesimama, kwa hiyo lililo juu linazunguka maradufu ya kraunwili. Difu yenye loka, inayofunga magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, haipimwi hivi. Hiyo hesabia meno. Meno 41 ya kraunwili kwa 10 ya pinioni ni 4.10.

Hatua ya 2: Pima matairi

Namba ya ubavuni ni ya kuanzia tu. Jaza upepo wa kawaida, piga chaki tairi linapogusa sakafu, sukuma gari mzunguko mmoja, pima mita. Fanya hivyo kwa tairi la zamani na jipya.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Gawanya kipimo kipya kwa cha zamani, zidisha kwa reshio yako. Mfano, kutoka 7.50R16 yenye kimo cha karibu inchi 31.7: 35 ÷ 31.7 × 4.10 = 4.53. Ya dukani iliyo karibu ni 4.56. Kwa 80 km/h, kwenye gia ya moja kwa moja (ile ambayo propela inazunguka sawa na injini), injini ilikuwa ikizunguka kama 2,160 kwa dakika. Kwa matairi mapya na 4.10 inashuka hadi 1,960; kwa 4.56 inarudi 2,180. Gari imerudi ilivyotoka kiwandani.

Hatua ya 4: Fikiria njia na mzigo

Kama kazi yako ni kubeba mawe ya kujengea, au kupeleka wageni Tsavo kupitia Baolala na geti la Sala, 4.88 inavutia: gari inaondoka kwenye mchanga bila kuumiza klachi. Lakini kwenye 80 ile ile injini itazunguka 2,330, na pinioni ina meno 8 tu kwa 39 ya kraunwili, kwa hiyo ni nyembamba. Mimi kwa tairi la 35 nashauri 4.56, na 4.88 kwa gari isiyokaa sana lami.

Hatua ya 5: Mbele na nyuma ziwe sawa

Hili halina mjadala. Ukiweka 4.56 nyuma na kuacha 4.10 mbele, siku utakayoingiza foo-wili kwenye ardhi ngumu ekseli zitavutana hadi kitu kivunjike kwenye transfa, kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Bajeti ya difu moja isubiri mpaka iwe ya mbili.

Hatua ya 6: Kununua na kufunga

Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani. Ukinunua zilizotumika, tafuta namba zilizochongwa kwenye kila kimoja. Zisipolingana, rudisha, hata bei iwe nzuri vipi. Fundi apime mwanya wa meno kwa saa ya kupimia (geji ya mshale inayoonyesha vipimo vidogo sana), na apake meno rangi kuona yanagusana wapi. Akitaka kufunga kwa kusikiliza sauti tu, tafuta mwingine.

Ukishafunga, endesha taratibu kama kilomita 25 bila mzigo, simamisha mpaka difu ipoe, halafu rudia. Baada ya kilomita 800 mwaga oili ya difu zote mbili, utie mpya.