Somo: Safari ya dawati, kutoka mkutano wa mtaa hadi malipo ya halmashauri ya mji

Mwaka wa fedha ukikaribia, watu wengi humwandama diwani wao wakitaka "awape zabuni". Wanapoteza muda, na wanamweka diwani pabaya, maana hana zabuni ya kumpa mtu. Nguvu yake iko sehemu mbili: kwenye bajeti, kabla fedha haijatumika, na kwenye usimamizi, ikishatumika. Pale katikati, mshindi anapotafutwa, sheria imemweka nje makusudi. Ukilishika hili utajua ubishe hodi wapi na lini.

Natumia mfano wa madawati ya shule ya msingi kwenye halmashauri ya mji, mfano wa Makambako, Kasulu au Babati. Kwenye manispaa na jiji utaratibu ni ule ule, ila huko anayeongoza baraza ni Meya badala ya Mwenyekiti. Mambo ya baraza yanaongozwa na Sura ya 288, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji). Manunuzi yanaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 pamoja na kanuni zake za 2024.

Hatua ya 1: Hitaji liingie kwenye bajeti

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti huanza kupikwa miezi mingi kabla. Hitaji linatoka mtaani, linapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu chini ya Mkurugenzi wanalichambua, kamati za kudumu za madiwani zinalijadili, kisha Baraza la Madiwani linapitisha. Kutoka hapo bajeti inapanda mkoani, TAMISEMI, Hazina, hadi Bungeni. Kitu kisicho na kifungu hakinunuliki, hata kama watoto wanakaa chini. Mzazi anayetaka madawati ahudhurie mkutano wa mtaa mapema. Akienda kulalamika ofisi ya ununuzi mwezi Mei, amechelewa.

Hatua ya 2: Mpango wa ununuzi wa mwaka

Bajeti ikipita, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kinakusanya mahitaji ya idara zote na kuandaa mpango wa mwaka: nini kitanunuliwa, lini, kwa njia gani, kwa fedha ipi. Mfanyabiashara makini anausoma mpango huu mapema ili ajipange na mtaji.

Hatua ya 3: Idara ieleze inachotaka

Hapa naomba tusimame kidogo, maana fedha nyingi za umma zinapotelea kwenye karatasi hii moja. Idara ya elimu ndiyo mtumiaji, kwa hiyo ndiyo inayoomba na ndiyo inayoandika sifa za dawati. Ikiandika "madawati 80, imara", imejifunga mikono. Imara kwa nani? Fundi ataleta mbao mbichi zitakazopinda kabla muhula haujaisha, na hakuna atakayeweza kuyakataa. Sifa ziseme: la wanafunzi wangapi na wa darasa gani, urefu na kimo cha meza na kiti, mbao za aina gani na unene gani, ziwe zimekauka, fremu ya chuma ya ukubwa gani, rangi ya aina gani, na alama ya halmashauri iwekwe wapi. Sifa hizo zisitaje chapa wala zisielekezwe kwa mtu mmoja. Diwani uliye kwenye kamati, ukitaka kuuliza swali moja tu la maana, omba kuona karatasi ya sifa.

Hatua ya 4: Zabuni kwenye NeST

Siku hizi zabuni za serikali zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni ulioanza kutumika 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS. Ukiwa hujajisajili, kwa halmashauri haupo. Andaa TIN, leseni ya biashara na nyaraka za usajili wa kampuni au jina la biashara, na hakikisha umejisajili kwenye kundi la bidhaa unazouza kweli. Kwa bidhaa zinazotumika na taasisi nyingi, kama vifaa vya ofisini, GPSA (Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini) huingia mikataba maalumu na wazabuni, na halmashauri huwashindanisha hao waliomo.

Marufuku kubwa ya hatua hii ni kukatakata manunuzi. Madawati 80 yakigawanywa mafungu manne ili kila fungu liangukie kwenye njia nyepesi ya ununuzi, huo ni ukiukaji wa sheria.

Hatua ya 5: Tathmini, bodi na Afisa Masuuli

Kamati ya tathmini inapima zabuni kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye nyaraka, si kwa vilivyozaliwa baadaye. Taarifa yake inapita kitengo cha ununuzi na kufika bodi ya zabuni, ambayo wajumbe wake wanateuliwa na Mkurugenzi. Yeye Mkurugenzi ni mteule wa Rais na ndiye Afisa Masuuli, anayejibu kwa kila shilingi. Madiwani si wajumbe wa bodi hiyo.

Sheria inataka idara mtumiaji, kitengo cha ununuzi, kamati ya tathmini, bodi na Afisa Masuuli kila mmoja afanye kazi yake bila kuingiliwa na mwingine. Naamini huu ndio moyo wa sheria yote. Halmashauri ambako mtu mmoja anaandika sifa, anatathmini, kisha anapokea mzigo, wizi unakuwa umeshakaribishwa hata kabla ya mwizi kufika.

Hatua ya 6: Notisi na mkataba

Kabla ya mkataba, wazabuni wote wanapelekewa notisi ya kusudio la kutoa zabuni, ikimtaja anayekusudiwa na sababu za wengine kukosa. Muda wa kulalamika ni mfupi, kwa hiyo isome siku hiyo hiyo. Muda ukiisha, mkataba unapitiwa na mwanasheria wa halmashauri, ile mikubwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo pande zinasaini.

Hatua ya 7: Mapokezi

Madawati yanashushwa shuleni. Kamati ya ukaguzi na mapokezi inapaswa kuja na futi na ile karatasi ya sifa. Wapime unene wa mbao, wageuze dawati waone kulehemu kwa chini, walikalie, walitikise, wahesabu moja moja. Pungufu yote iandikwe palepale, na lisilofaa lirudi kwa fundi. Saini ya "yamepokelewa yote" iliyowekwa ofisini, madawati yakiwa bado karakana, ndiyo hoja ya ukaguzi ya mwaka kesho.

Hatua ya 8: Malipo

Ambatisha ankara, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), nakala ya LPO (oda rasmi ya ununuzi) au mkataba, na hati ya mapokezi. Malipo yanapita MUSE, mfumo wa ulipaji wa serikali. Kwa bidhaa, serikali hukata kodi ya zuio asilimia 2, kwa hiyo ipige kwenye bei yako tangu mwanzo, na udai cheti cha makato.

Hatua ya 9: Baraza na ukaguzi

Sasa zamu ya madiwani inarudi. Kamati ya fedha kwenye vikao vyake, na baraza kwenye mikutano yake ya robo mwaka, wanapokea taarifa za utekelezaji. Mkaguzi wa ndani anakagua, kisha CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake hufika kwa Rais kabla ya mwisho wa Machi na kuwasilishwa Bungeni Aprili. Halmashauri huitwa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, kujibu hoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama washonaji. Tuliambiwa kuna asilimia 10 ya zabuni za sare kwa ajili yetu. Tunaipataje?

Jibu: Marahaba mama. Hapo yamechanganywa mambo mawili. Asilimia 10 ni mikopo isiyo na riba kutoka mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwenye ununuzi, kinachotengwa kwa makundi maalumu, wazee wakiwemo, ni asilimia 30. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii awasaidie kusajili kikundi, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, kisha msajiliwe NeST kama kundi maalumu. Mkopo unaweza kuwapa mtaji wa vitambaa, lakini zabuni mtaishindania.

Swali: Kaka, ofisa alinipigia simu nipeleke saruji haraka, akasema LPO itafuata. Nimepeleka. Mwaka umepita, na yeye kahamishwa.

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Andika barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa Mweka Hazina na Mkaguzi wa Ndani, ukiambatisha hati ya kupokelea mzigo yenye saini na mhuri. Kama hukupewa yoyote, tafuta leja ya stoo au kitabu cha mlinzi kinachoonyesha gari liliingia lini. Mwone na wakili, maana bila oda halmashauri inaweza kuukana mzigo. Kuanzia sasa usipakie hata mfuko mmoja kwa simu, apige nani.

Swali: Mimi ni diwani. Kampuni ya mke wangu imeomba zabuni kwenye halmashauri yangu. Kuna kosa?

Jibu: Mheshimiwa, jambo hilo likifika kwenye kikao chako, tangaza maslahi yako, toka, usichangie wala usipige kura, na uhakikishe muhtasari umeandika hivyo. Usimpigie simu mtumishi yeyote kuhusu zabuni hiyo, hata ya kuulizia imefika wapi. Ushauri wangu binafsi, kampuni ya nyumbani kwako itafute zabuni halmashauri nyingine.

Swali: Nilikuwa na bei ya chini kuliko wote nikakosa. Nilalamike wapi?

Jibu: Bei ya chini haitoshi kama hukutimiza sifa. Linganisha kwanza sababu waliyokupa na nyaraka za zabuni. Ukiona umeonewa, peleka lalamiko kwa Afisa Masuuli ndani ya muda wa notisi. Usiporidhika, nenda PPAA, Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Ukiombwa rushwa, hilo ni la TAKUKURU, na usisubiri matokeo ya zabuni.

Swali: Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia kwenye baraza? Na anaweza kuona mkataba?

Jibu: Mkutano wa baraza ni wa wazi, unakaa na kusikiliza bila kuchangia. Vikao vya kamati havina uwazi huo. Kuhusu mkataba, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016: andika barua kwa Mkurugenzi, taja mradi, mwaka wa fedha na nyaraka unazotaka. Anatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Peleka nakala mbili, na moja ipigwe mhuri wa masijala wenye tarehe, ubaki nayo wewe.