Kupima seli T za kumbukumbu: kuanzia chupa ya damu hadi kwenye sahani

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja wa uzamili hapa Dodoma ambaye kila akizungusha damu kwenye sentrifuji (mashine ya kutenganisha kwa kasi), pete ya seli nyeupe haionekani, au inaonekana imechafuka wekundu. Pipeti alikuwa anaishika vizuri tu. Shida ilikuwa joto na breki, na humo ndimo nitakamokaa zaidi.

Kwanza ujue unachokitafuta. Kingamwili hukamata kirusi kabla hakijaingia ndani ya seli. Kikishaingia, kazi inahamia kwa seli T, aina ya seli nyeupe za damu. Baada ya maambukizi ya kwanza au chanjo, seli T nyingi zilizopambana hufa ndani ya wiki chache, na sehemu ndogo inayobaki ndiyo ya kumbukumbu. Siku kirusi kilekile kikirudi, hizi hutambua vipande vyake juu ya seli iliyoambukizwa na kutoa interferoni gama, protini ya kuashiria kinga, ndani ya saa chache tu. Zile za CD8, yaani kundi la seli T zenye kuua, huiua seli hiyo kabla haijazalisha virusi vingi. Seli T ambazo hazijawahi kukutana nacho huhitaji siku kadhaa kufikia hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kuambukizwa mara ya pili akaishia kwenye mafua badala ya kulazwa. Nazo zinadumu: watu waliougua SARS mwaka 2003 walikutwa bado wanazo miaka 17 baadaye.

Kwa mtu wa maabara, maana yake ni hii: kingamwili unaweza kugandisha seramu na kuipima mwezi ujao, lakini seli T tunaipima kwa kuitazama ikifanya kazi, kwa hiyo lazima ifike mezani ikiwa hai.

Hatua ya 1: Damu
Tumia chupa ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), yenye kifuniko cha kijani. EDTA, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, hunyakua kalsiamu, na bila kalsiamu seli T haijibu vizuri. Mililita 10 za mtu mzima zinatosha. Tarajia seli za pete kama milioni moja kwa kila mililita.

Hatua ya 2: Usafiri
Usiweke kwenye friji. Usiweke kwenye boksi la barafu. Narudia kwa sababu wengi wetu tumelelewa na chanjo, na mkono unakwenda kwenye barafu wenyewe. Damu hii inataka nyuzijoto 18 hadi 25.

Sasa, nyuzijoto 18 hadi 25 ndani ya gari linalotoka Mpwapwa au Kongwa mchana wa Oktoba si jambo la kujitokea. Mimi natumia boksi la kawaida la kubebea chanjo, lakini vile vifuko vya barafu naviacha nje kwanza mpaka viyeyuke na kubaki na ubaridi kidogo, halafu navifunga kwa taulo ili visiguse chupa. Kipimajoto kinakaa ndani, katikati ya chupa, si pembeni. Dereva akisimama kula, boksi linashuka naye.

Muda nao: zungusha ndani ya saa 8 tangu damu itoke mkononi. Damu ikilala, granulosaiti (seli nyeupe nyingine tusizozitaka) hupungua uzito wake wa ujazo, hupanda na kujichanganya kwenye pete yako, na huko hudhoofisha seli T. Hesabu itaonekana nzuri, majibu yatakuwa mabovu.

Hatua ya 3: Ficoll
Itoe Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli, kwenye friji mapema. Yenyewe na damu viwe kwenye nyuzijoto 20 hivi. Ikiwa baridi, seli nyekundu hazigandamani haraka na utenganisho unachelewa. Ikiwa joto sana, zinagandamana kupita kiasi na kunasa limfosaiti (kundi lenye seli T) ndani ya mafungu yake. Kwa hiyo chumba kisicho na kiyoyozi nacho ni tatizo. Kama sentrifuji yako haina ubaridi, fanya kazi asubuhi.

Punguza damu kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara), nusu kwa nusu. Inamisha chupa yenye Ficoll, mimina damu polepole ukutani ikae juu ya Ficoll kama mafuta juu ya mchuzi. Zungusha 400 g, dakika 30, breki IMEZIMWA. Breki ikishika, tabaka zinavurugika na hakuna cha kuokoa.

Angalia: g ni nguvu ya mzunguko ikilinganishwa na mvutano wa dunia, kwa hiyo 400 g si mizunguko 400. Zidisha 0.00001118 kwa nusu kipenyo cha rota kwa sentimita, kisha kwa mizunguko ya dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Rota ya sentimita 16 inahitaji mizunguko kama 1,500. Ya sentimita 10, kama 1,900. Andika namba yako kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko wa mashine, maana kuna mtu atakuja kuibadilisha.

Ukitoa, juu kuna plazma ya njano, chini yake pete nyeupe yenye ukungu, kisha Ficoll safi, kisha wekundu. Nyonya pete tu.

Hatua ya 4: Osha na hesabu
300 g dakika 10, kisha 200 g ili chembe sahani (za kugandisha damu) zibaki juu. Breki sasa ruhusa. Hesabu kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Hai zikiwa chini ya asilimia 80, acha.

Hatua ya 5: Sahani
Napendelea ELISpot (kipimo cha madoa kwenye sahani yenye visima) kuliko saitometri (kupima seli moja moja kwa leza): haihitaji mashine ya leza, na kila doa ni seli moja iliyotoa interferoni gama. Weka seli 200,000 kwa kila kisima pamoja na vipande vya protini za kirusi, nyuzijoto 37, usiku kucha, bila kuisogeza sahani. Inkubeta iwe kwenye umeme wa akiba. Weka kisima kisicho na kirusi na kingine chenye PHA, kichocheo kinachoamsha seli T kwa jumla. Kama unajaribu mbinu kwa mara ya kwanza, tumia vipande vya CMV, kirusi cha kawaida cha saitomegalo. Watu wazima wengi huku kwetu walikipata utotoni.

Hatua ya 6: Kusoma
Toa madoa ya kisima kisicho na kirusi, ripoti idadi kwa kila seli milioni moja. Usiandike "hana kinga" kwa sababu madoa ni machache. Seli T za kumbukumbu zinazoishi mapafuni na ngozini hazizunguki kwenye damu, na kwa virusi vya mafua ndizo zinazokutana na kirusi mwanzo. Andika: "majibu ya seli za damu".